Gunia la Mama Nyuma ya Plasta

…na huyu mkuu wangu bado ameninyooshea kalamu, "Saini kibali cha kubomoa basi, tingatinga linakuja kesho," na mimi nimepiga magoti mbele ya ukuta, patasi mkononi, vumbi hadi kwenye kope, kwa sababu plasta imebanduka kipande kizima, na plasta haibanduki hivyo, plasta ni mbishi, hutoka chembe chembe, labda nyuma yake pawe na… gunia, ni gunia kweli, limepigiliwa misumari midogo pembeni, na nyuma yake tao la mawe, la zamani hasa, limechongwa maua, hakuna hata ua moja lililoguswa na saruji, "Si uliandika mwenyewe, jengo halina historia?" ndiyo, niliandika, miaka tisa iliyopita, nilisimama barabarani nikautazama uso wake wa saruji, nikajaza kwenye fomu, jengo la kawaida, nikaenda zangu, mkaguzi mzima wa majengo ya kale, tena binti wa fundi mwashi, na baba aliniuliza tu, mwanangu, ukuta uliugonga? nikamcheka, Mungu anisamehe, nikamwambia siku hizi hatugongi kuta… na hii pembe ya gunia, imeshonwa kiraka kwa uzi mwekundu, uzi huu naujua, mishono ya mama hii, mikubwa mikubwa, alimnunia baba wiki nzima kwa gunia lake lililopotea jikoni, nami nina miaka saba, nasikiliza mlangoni, baba anasema wameniamuru nizibe kitu kizuri, mama anasema ungekataa, baba anasema nikikataa wataleta mwenye nyundo, mke wangu, bora nizibe mimi, nizibe kwa namna itakayofunguka… "We mama, unanisikia?" nakusikia, mkuu, sikio la kufa halisikii dawa lakini langu bado zima, baba alijua kuna siku atakuja mtu na patasi, hakujua atakuwa yule aliyemcheka, au alijua, ah, baba, alijua, na kunifukuza kazi mnifukuze, lije hilo tingatinga, litanikuta chini ya tao hili hili nimeketi, saini utaipata, mkuu, subiri hapo hapo na kalamu yako, utaipata chini ya neno moja tu, nilikosea, kwa herufi kubwa, nakala kwa kila ofisi, na gunia usiliguse, la mama yangu hilo.