Maji Yanapiga Hodi Singe

Jumanne saa tisa alasiri Hosiana alikuwa sebuleni kwake, Singe, akichambua maharage. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mlango ukagongwa mara tatu.

"Hodi!"

"Karibu," akajibu bila kuinua kichwa, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri.

Mafuriko yakaingia. Yalikuwa na adabu zake: yalifuta miguu mlangoni, yakaelekea chumbani, yakalowesha gunia moja kati ya magunia saba ya mahindi ambayo familia ilitegemea kula mpaka mavuno. Saa kumi na moja yakaaga, yakashukuru, yakaenda zao.

Kumbe mtaa mzima umefanya kosa hilohilo. Baba Wilbert aliyakaribisha akiwa bafuni, sabuni tele mwilini. Benadetha, ambaye siku hiyo hakutaka kuonana na mtu, alijificha nyuma ya kabati, kisha akajisahau na kusema karibu kutoka hukohuko. Watu walicheka mpaka wakakaa kwenye tope. Hosiana naye alicheka, lakini nusunusu. Jua halikutoka, mahindi yakaota ndani ya gunia, na kwake gunia moja ni ugali wa mwezi mzima.

Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa ya mtaa. Jumamosi, siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa, watu walipofika na majembe aliwaambia wayaweke chini. Leo ni mafunzo. Yeye atapiga hodi, wao wanyamaze.

"Hodi!"

"Karibu!" wakaitikia watu arobaini.

Wakarudia mpaka jasho likawatoka. Kina mama walifunga midomo kwa vitenge, wakacheka humohumo ndani ya vitenge. Kufikia saa saba mchana wote walikuwa wameweza, isipokuwa mzee Tadeo, ambaye hasikii vizuri, hivyo alikuwa anakaribisha hata pale ambapo hakuna aliyebisha hodi.

Alhamisi maji yakarudi.

"Hodi!"

Kimya. Mtaa mzima kimya, hata mzee Tadeo, aliyekuwa amelala! Hosiana alijisikia raha, nusura acheze. Maji yalisubiri mlangoni, yakakohoa kidogo, kisha yakasema kwa upole, "Shikamoo, mama."

Jamani, shikamoo unaiachaje hivihivi?

"Marahaba," akasema Hosiana, na marahaba nyingine zikasikika nyumba hadi nyumba mpaka barabarani. Gunia la pili likalowa.

Hapo akaona ni bora aulize. Akayasogezea kigoda.

"Sasa wenzetu, njia yenu si ile ya bondeni, mpaka ziwani?"

"Ndiyo, mama. Ila pamejengwa hoteli. Kuna ukuta na geti. Tuligonga, mlinzi akasema tajiri hayupo, tuje Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Hakutuambia."

Mgeni husindikizwa. Kesho yake mtaa wote uliyasindikiza, maji mbele, vigelegele nyuma, mzee Tadeo akikaribisha kila waliyempita. Pale getini mlinzi Sadock, kijana mstaarabu wa Mutuka, aliyapa maji kiti chake, akasema tajiri hayupo. Wakapeleka barua ofisi ya kata, wakaambiwa inashughulikiwa. Maji yakashukuru, yakarudi nao Singe.

Basi wakapanga zamu. Kila nyumba ikapewa siku yake ya kuyapokea, ikatengeneza kichaga cha mbao cha kuwekea chakula. Mambo yalikwenda vizuri ajabu. Maji yalijifunza majina ya watoto, na kwa Benadetha yaliosha vyombo. Mwezi wa tatu wakaja viongozi na fulana, pamoja na cheti cha mtaa unaostahimili mafuriko. Mkubwa wao akauliza kama kuna changamoto.

"Mtufungulie njia ya maji pale hotelini," akasema Hosiana.

Mkubwa aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, akaandika. Hosiana alichungulia begani kwake, akasoma: Wananchi wameshazoea. Watu wakapiga makofi. Maji nayo yakapiga makofi, yakawarushia wageni matone usoni, ikawa furaha tupu.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya Hosiana. Magunia yalikuwa yamebaki mawili, na mbao za kichaga zilishaanza kuoza, zikabeba moja tu. Lile la pili aliliacha chini, akayaomba maji yamwangalizie. Yakakubali kwa moyo wote. Yalilizunguka mchana kutwa bila kuondoka hata hatua moja, wala hakuna panya aliyeligusa. Lakini ndiyo hivyo, ni maji.

Jioni yakatoka taratibu, kwa aibu.

"Pole sana, mama."

Hosiana aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akakuta limelowa hadi chini kabisa. Maji yalikuwa bado yamesimama mlangoni, yanamsubiri.

"Nimeshapoa," akayajibu.