Chumvi Iliyoitwa Vumbi

Kuwat ndiye aliyemfundisha mkewe kusoma picha za setilaiti, na miaka ya mwanzo hakuna kilichompendeza kama Sarbinaz kumwuliza jambo asilolijua.

Wote wawili walifanya kazi katika maabara ya vumbi mjini Nukus. Kuwat alikadiria, kwa picha za kutoka angani, vumbi linalopeperuka pale palipokuwa Bahari ya Aral kabla haijakauka. Sarbinaz alitunza kifaa kilichofungwa juu ya paa la shule huko Muynak. Kifaa hicho hulitazama jua kutwa na kupima mwanga unaozuiwa na chembe za hewani. Kiliwekwa huku duniani ili setilaiti ikidanganya kutoka angani, ijulikane.

Nayo ilidanganya. Kila baridi ilipoisha, ilitangaza vumbi zito siku ambazo watu wa Muynak walikuwa wameanika shuka nje.

"Mama mkwe wangu kule Muynak ananiona mwongo," Orinbay, mkuu wa maabara, alimwambia Kuwat. "Nimempigia simu, nikamwambia mama, funga madirisha, vumbi linakuja. Akanijibu, vumbi la wapi, baba? Mbona naona mpaka mbuzi wa kijiji cha pili?"

"Nitarekebisha, mkuu."

Alirekebisha, akarekebisha tena, wapi!

Aliyeipata dawa ni Sarbinaz. Katika safari zake za Muynak aliona kwamba mvua za mwisho wa baridi zikikauka, chumvi hupanda juu na ardhi ikawa nyeupe kama unga. Hesabu za Kuwat zilichukulia kuwa ardhi ina rangi moja mwaka mzima, kwa hiyo weupe wote uliozidi zikauita vumbi. Sarbinaz akaupima weupe wa ardhi kila majira na kuuingiza katika hesabu. Setilaiti na kifaa cha paani vikaanza kusema lugha moja.

"Ni jambo dogo tu," alimwambia mumewe kwa furaha, akimmiminia chai ya maziwa. "Ulikuwa umeshakaribia."

Heri angesema ni jambo kubwa! Dogo, na yeye amelipita miaka yote hiyo?

Baadaye ukaja mwaliko: Sarbinaz aende Almaty akawaeleze wataalamu wa nchi jirani. Majirani wakaja na mikate kumpongeza. Mama yake Kuwat aliwakaribisha wote, kisha akamgeukia mwanawe.

"Mbona umenuna kama uliyekwamwa na mwiba wa samaki? Si mkeo huyo?"

"Sijanuna, mama."

"Haya, cheka nione."

Kuwat akatoka nje.

Kesho yake aliingia kwa Orinbay, akafunga mlango. "Mkuu, ni mke wangu, sipendi kusema. Lakini kioo cha kile kifaa kilikuwa kichafu majira yale aliyopima. Vipimo vyake sivyo vya kutegemea."

Orinbay hakutaka aibu ya ugenini. Aliwaita wafanyakazi wote, akasema safari isimame kwanza. "Nimeambiwa kioo kilikuwa na uchafu."

Sarbinaz hakupandisha sauti. "Mkuu, kioo kikichafuka, mwanga unaoingia unapungua. Kifaa kingesema vumbi ni jingi. Changu kilisema ni kidogo. Uchafu gani huo unaosafisha hewa?"

Mtu mmoja akacheka. Orinbay akapiga meza kwa kiganja. "Kweli kabisa! Na mimi nikameza tu!"

"Aliyekwambia hajui kazi yetu," Sarbinaz akaendelea. Kisha akamwona mumewe, masikio yamemwiva, macho ameyainamisha sakafuni, na sentensi yake ikaishia hapo.

Kuwat alisimama. "Ni mimi. Kioo kilikuwa safi. Hesabu zake nimezirudia mwenyewe, ni sahihi."

Nyumbani Sarbinaz alipakua chakula, akaweka sahani ya mama mkwe na yake.

"Ungemwonea wivu mwanamume mwenzako, ningeelewa," akasema. "Unamwonea wivu nani, Kuwat? Mimi?"

"Wewe."

"Basi jipakulie."

Sarbinaz alikwenda Almaty. Orinbay akampa Kuwat kazi ya kupanda paa la Muynak na kupangusa kile kioo mpaka mkewe arudi, naye hakubisha. Siku moja simu ikamlia yuko huko huko juu, kitambaa mkononi.

"Wameikubali njia yangu," Sarbinaz akasema. "Wataijaribu na kwenye majangwa yao."

"Hongera."

"Wameniuliza nani alianzisha hesabu zenyewe. Nimewaambia mume wangu. Nimelitaja na jina lako."

Kuwat alikipangusa tena kioo ambacho tayari kilikuwa safi. Kama mkewe angelificha jina lake, angalau yeye angekuwa na kinyongo cha kushikilia. Sasa hata hicho amenyang'anywa.

"Upo?" Sarbinaz akauliza.

"Nipo. Unarudi lini?"

"Jumamosi. Mwambie mama nimemnunulia shali."

"Na mimi?"

Alimsikia akivuta pumzi upande wa pili. "Wewe bado nafikiria," akasema, akakata simu.