Jina la Kwenye Risiti

Barua ya kumnyima viza ya kumfuata mumewe ilikuwa na kurasa tatu, lakini kilichomchoma Dobi ni mstari mmoja tu: mwombaji hajathibitisha kwamba mumewe anamtunza. Aliusoma amesimama kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wageni, pasi imesimamishwa wima mezani, mashuka ishirini na mawili yanamsubiri. Jina la Dobi alipewa na wenzake wa kazini. Hakuwa na ugomvi nalo, maana alikuwa amelitolea jasho, tofauti na lile la kuitwa mke wa mtu aliye ng'ambo.

Mumewe aliondoka miezi minne baada ya harusi, akaenda nchi ya mbali kupanga mizigo kwenye ghala, akamwacha kwa mama yake. Ni mwana mwenye adabu, hilo hakuna wa kulipinga, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza mkewe. Katika familia yao, mwana hampi mkewe fedha mkononi wakati mama yu hai. Kufanya hivyo ni kumwambia mama kwamba kazi yake imekwisha. Basi kila mwisho wa mwezi alituma kwa jina la mama, halafu akampigia mkewe simu amwambie akamwone mama. Naye Dobi alikwenda kumwona. Mama mkwe alifungua mkoba, akachomoa hela ya sabuni na mafuta ya kupaka, akahema kama mtu aliyetoa figo.

"Mwenzako hali yake ngumu huko," alikuwa akisema. "Tumvumilie."

Dobi alivumilia. Aliongeza zamu kazini, akajinunulia viatu na dawa za kifua, hata vocha ya kumpigia huyo anayevumiliwa.

Mchapaji mwenye kibanda mbele ya ofisi za serikali, ambaye ndiye aliyemjazia fomu tangu mwanzo, aliisoma barua ile akasema asife moyo. Mumewe aiombe kampuni ya kutuma fedha itoe orodha ya miamala yote, iambatanishwe kwenye maombi mapya, mambo yaishe. Mume hakuchelewa. Orodha ikaingia kwenye simu ya Dobi Jumanne, na mchapaji akaitoa kwenye karatasi. Akaipitia na kalamu, kutoka juu hadi chini, kisha akamsukumia.

Miezi thelathini na miwili, na hakuna hata mmoja aliouruka. Lakini kwenye safu ya mpokeaji, kila mstari, lilikuwa jina la mama mkwe. Hilo Dobi angelimeza. Kilichomkwama kooni ni safu ya kiasi. Hali ngumu ya mumewe ilitosha kulipia nyumba nzima na chenji ikabaki, na hela ya sabuni haikufika hata fungu la kumi. Ndipo alipokumbuka vile vyumba viwili vya uani, ambavyo mama mkwe alisema amejenga kwa mkopo wa kikundi, na ambavyo sasa vina wapangaji. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka, na hakuona sababu ya kuishusha.

Mchapaji alisema njia bado ipo. Mama aandike mistari mitano, aitie saini mbele ya wakili, kwamba fedha alizopokea zilikuwa za kumtunza mkwewe.

Jioni ile Dobi alipiga moyo konde akamwomba. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua uso, kisha akasema yeye ni mtu wa dini, hawezi kutia saini uongo. Fedha zile alitumiwa yeye, na mtoto aliyemzaa kwa uchungu wake. Kama zilikuwa za Dobi, mbona jina la Dobi halimo? Akaendelea kuchambua mchele wake. Jibu la swali hilo hata Dobi angependa kulijua.

Akampigia mumewe. Alimwomba jambo moja: aape kwa maandishi kwamba fedha zilikuwa za mkewe, na mama alikuwa mkono wa kupokelea tu.

"Nikiandika hivyo," mume alisema, "nitakuwa nimesema mama amekula hela zako."

"Si amekula."

"Ni mama yangu."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe unajua ninavyokupenda. Vumilia kidogo, nikija nitaongea naye."

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii hata kuinuliwa haikuinuliwa.

Siku ya mwisho ya kupeleka maombi mapya, Dobi alikaa tena kwenye benchi la mchapaji. Mchapaji akaanza kumuuliza maswali ya fomu huku vidole vikiwa tayari. Nani anagharamia chakula cha mwombaji? Dobi akasema ni yeye mwenyewe. Mavazi je? Mwenyewe. Matibabu? Mwenyewe. Vidole vya mchapaji vikasita.

"Dada, nikiandika hivi watakukatalia tena."

"Walinikatalia kwa haki," alisema Dobi. "Hawanijui, hawajawahi kuniona, na ni wao tu walioniambia ukweli. Ifute fomu yote."

Mchapaji akamtazama, akaifuta. Dobi akamwomba amchapie barua nyingine, fupi, kwa mwenye nyumba ya wageni: anaomba kile chumba cha wafanyakazi kilicho nyuma ya chumba cha kufulia, kuanzia leo, kodi ikatwe kwenye mshahara wake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Na jina la mdhamini wa kodi?" mchapaji aliuliza, kwa sauti ya chini.

Dobi akamtajia jina lake mwenyewe, akamsubiri alichape.