Maboksi Manane Kwenda Juu

Kwao nyumbani walimwita Daktari wa Maboksi. Jina hilo lilitoka kwa mdogo wake, siku dada mtu aliporudi na shahada yake ya tatu na shangazi mmoja akauliza huyu daktari anatibu nini. "Anatibu maboksi," mdogo mtu alijibu bila kupepesa macho, na sebule nzima ikavunjika mbavu. Mwenyewe alicheka pia. Ukishafundisha ufungashaji chuo kikuu miaka kumi na minne unazoea kuchekwa, maana kila mtu huliona boksi ni takataka mpaka siku kilichomo ndani kimwagike.

Jumatano hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa maabara na wanafunzi wa mwaka wa pili. Aliwaonyesha mashine ya kukandamiza: bamba la chuma chini, bamba la chuma juu, boksi katikati, na la juu linashuka taratibu mpaka boksi lisalimu amri. Alichagua boksi aliloliamini. Lilikuwa la mifuko ya dripu, la kiwanda kimoja kilichomletea sampuli miezi mitatu nyuma, na ripoti yake aliisaini yeye: yapangwe manane kwenda juu, salama hata msimu wa mvua. Mifuko ya dripu ni laini na haijibebi, kwa hiyo uzito wote hubebwa na kuta za boksi.

"Hili litafika kilo mia nne," aliwatambia. "Mwenye kubisha abishe sasa."

Lilikunjika kwenye mia moja na sabini. Wanafunzi waliangua kicheko, na mmoja akasema boksi limezimia, lipelekwe kwa daktari wake. Mwalimu hakucheka.

Walipotoka alifungua daftari la maabara. Fundi wa maabara, mtu mzima aliyeanza kazi pale kabla yake, huandika kila kitu, hata siku taa ikizimika. Kwenye ukurasa wa siku ya ile ripoti aliandika: "Kabati la unyevu bovu. Sampuli zimetoka ofisini kwa mwalimu."

Akakumbuka yote. Katika kazi yao boksi halipimwi likiwa limetoka tu mlangoni. Hulazwa kwanza siku nzima kwenye kabati la unyevu, ili karatasi inywe ile hewa nzito ya mvua itakayoikuta stoo. Siku zile kabati lilikuwa limeharibika na kiwanda kilimkaba koo, naye akapima maboksi yaliyokaa wiki nzima chini ya kiyoyozi cha ofisi yake, makavu kama kuni. Alijiambia kabati likipona atarudia. Kabati lilipona, akasahau. Boksi la leo, lililolazwa tangu jana kwa ajili ya somo, ndilo la kwanza kulala kabatini, na lilikuwa limeanguka mbele ya watu thelathini.

"Mwalimu," fundi alisema kutoka nyuma yake, "si mdogo wako ndiye mtunza stoo wa hospitali inayopokea haya maboksi? Mpigie."

"Nimpigie nimwambie nini? Boksi moja si matokeo. Weka kumi kabatini, kesho saa nne tunapima. Nikishapata takwimu ndiyo nitampigia."

"Kumwambia apunguze kunataka takwimu gani?"

"Fundi, mimi sisemi kitu ambacho sina ushahidi nacho."

Fundi alimtazama, akanyanyua mabega, akaenda kuleta maboksi.

Na ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo anavyowafundisha wengine: sampuli kumi, siku nzima kabatini, ndipo ufungue mdomo. Lakini tusidanganyane. Jumatatu kamati ilikuwa ikae kujadili uprofesa wake, na ripoti ile ilikuwa ndani ya faili, tena imewekwa juu kabisa ionekane. Ule ulikuwa woga mtupu uliovaa koti jeupe la maabara, na kwa kuwa ulivaa vizuri, yeye mwenyewe aliupisha njia.

Jioni simu iliita. Mdogo wake, kama kawaida, hakuanza na salamu.

"Daktari wa Maboksi! Wagonjwa wako wamefika, gari zima. Nimewapanga manane manane kama ulivyoandika. Vijana wangu walitaka kuishia matano, nikawaambia hiyo sahihi ni ya dada yangu, pandisheni."

Dada mtu aliuliza: "Stoo yako ina unyevu?"

"Mvua hii? Ukuta unatoka jasho kuliko mimi. Kwa nini?"

Hapo ndipo pa kusema. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi: yashushe, mdogo wangu, yashushe usiku huu huu. Ilihitaji pumzi moja tu.

"Nauliza tu," alisema. "Kesho mchana nitakupigia."

"Haya, dada. Ule vizuri, usije ukakonda kama maboksi yako."

Alhamisi saa nne walianza kupima. Kwenye maabara yake simu haziingii, ni amri yake mwenyewe, hivyo yake ilikuwa kwenye droo ya ofisini. Alipima kumi yote bila kuruka hata moja. Lililojitahidi zaidi halikufika mia mbili. Alipiga hesabu, akairudia, akapata jibu lile lile: manne kwenda juu, basi. Kazi ilikuwa safi, hakuna ambaye angeitia dosari. Alichukua karatasi akaenda kupiga simu, akakuta simu kumi na moja zilizopigwa bila kupokelewa, zote za mama yao.

Wodini mdogo wake alilala mguu wa kushoto ukiwa umening'inizwa, paja limevunjika mahali pawili. Safu moja iliporomoka ikasukuma ya pili, na ya pili ikamkuta akiwa amechuchumaa anahesabu. Alipomwona dada yake machozi yakamtoka.

"Afadhali umekuja. Bosi anasema nilipanga vibaya. Kaja hapa hapa kitandani na barua ya kunisimamisha, nijieleze. Dada, wewe waambie. Waambie nilipanga kama ilivyoandikwa."

"Nitawaambia," dada alisema. "Ulipanga kama ilivyoandikwa. Ripoti ndiyo mbovu. Nilipima maboksi makavu. Nitawaandikia leo, na kamati nitaiambia."

Mdogo mtu alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, akaushika mkono wa dada yake. "Basi. Kila mtu anakosea, dada. Ungejuaje?"

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuuliza, na fundi si mtu wa maneno. Lakini ule mkono uliomshika ulikuwa wa moto, umemwamini, na aliona hawezi kukaa nao.

"Nilijua jana," alisema.

"Jana saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

Mdogo wake alifumbua macho akatazama dari. Alionekana anahesabu, kama anavyohesabu stoo, midomo ikicheza bila sauti.

"Mimi nilikupigia jioni," alisema. "Ukaniuliza kama kuna unyevu."

"Ndiyo."

"Na leo niliingia stoo saa tatu."

"Nilitaka nipate uhakika kwanza, mdogo wangu. Nilitaka—"

"Niitie nesi."

Dada mtu aliruka kutoka kitini. "Unaumwa? Dawa imeisha nguvu?"

"Hapana," mdogo wake alisema, akiuvuta mkono wake taratibu na kuuficha chini ya shuka. "Nataka mtu mwingine akae hapa."