Namba ya Cherehani

Cherehani ya fundi ilikuwa na namba ubavuni: 1018081. Siku fundi alipotamka habari za ndoa, mwalimu wa hesabu alichukua chaki ya kuchorea vitambaa akaanza kuigawanya ile namba juu ya meza ya kukatia, kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, akipanda na namba tasa moja baada ya nyingine. Alipofika mia tisa tisini na saba mkono ulikuwa umekufa ganzi, akatupa chaki.

"Hii nayo tasa," akasema. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Basi hiyo moja ndiyo mimi," fundi akacheka.

Wee! Nani asingeolewa?

Miaka ikapita, mtoto hakuja, na lile neno likamgeukia. "Mwanangu kaoa tasa," mama mkwe akawa anasema, jikoni, sebuleni, mbele ya wageni, bila haya. Mwalimu alipimwa mpaka akachoka. Kila daktari alimwambia: wewe mzima, mwenzako naye aje. Lakini mwenzako kila siku ana suti ya mtu, ana haraka. Naye mwalimu akamtetea, mapenzi jamani! Mwishowe fundi akamwacha, maana mama alishamtafutia mchumba.

Asubuhi aliyokuja kuchukua cherehani, alimkuta mwalimu sakafuni na karatasi. Alikuwa anairudia ile hesabu, basi tu, ili asilie.

"Nilikosea, mume wangu. Si tasa. Niliishia mia tisa tisini na saba, na tasa inayofuata ni elfu moja na tisa. Elfu moja na tisa mara elfu moja na tisa, hakibaki kitu! Nilibakiza moja tu." Akamshika mkono. "Na sisi tumebakiza moja. Twende ukapime. Leo hii, nakuomba."

Fundi alikuwa ameshapiga goti ainue cherehani. Hakuinua.

"Nilishapima," akasema.

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Majibu hakuyasema, na uso ulivyomshuka hapakuwa na haja. Muda wote huo ameketi meza moja na mkewe, anamsikia mama yake akimwita tasa, naye anaomba aongezewe chai. Chai!

Mwalimu hakupiga kelele. Moyo ulimpasuka, na bado alimwonea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyomuuma kuliko yote.

"Na huyo unayemwoa," akauliza, "umemwambia?"

Fundi akaikumbatia cherehani yake akatoka. Huko nje, kando ya gari, mama yake akamdaka: "Huyo tasa alikuwa anakuchelewesha na nini?"

Mwalimu akasimama nyuma ya mlango, pumzi ameibana, asikie mumewe atajibu nini. Alichosikia ni mlango wa gari ukifungwa.