Barabara Kuu ya Mama

Bango nililichora mimi mwenyewe, kwa hiyo nusu ya lawama ni yangu. Mimi ni mchoraji wa mabango. Nikiagizwa nachora, hata uwe uongo wa mchana kweupe. Na Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliniagiza herufi kubwa nyekundu juu ya mlango wake: USHONI WA BARABARA KUU.

"Barabara kuu ipi, Mama?"

"Si hiyo hapo uliposimama!"

Niliposimama palikuwa na vumbi, kuku watatu na kiti cha plastiki cha jirani. Gari likitaka kupita, lazima mtu atoke kwanza aanue nguo.

Msimcheke lakini. Chanzo ni dada yake. Mama Mkubwa anakaa kando ya barabara kuu ya kweli, ile ya lami yenye mistari, na kwa miaka ishirini hajakosa kutukumbusha. Akipiga simu tu: "Sisi huku barabara kuu..." Hata akiumwa jino, basi ni jino la barabara kuu. Mama maini yalikuwa yanamkatika. Akaanza kuiandikia ofisi ya barabara, barua moja kila mwaka, akiomba njia yetu itambuliwe rasmi kuwa barabara kuu. Mtaa mzima ulitia sahihi, na kinyozi wetu ndiye alikuwa mstari wa mbele.

Sasa sikilizeni. Jumanne asubuhi akaja bwana mmoja mpimaji, na futi kamba, na kopo la rangi nyekundu, na barua ya Mama, ile ya nane. Mama alimpokea kwa vigelegele.

"Hongera, mama," akasema mpimaji. "Ombi lako limefika. Ukithibitisha hapa, hii inakuwa barabara kuu leo hii."

"Kalamu iko wapi?"

"Ila barabara kuu ina eneo lake la hifadhi. Mita thelathini kila upande. Nyumba iliyomo ndani naitia X, halafu inabomolewa."

Kutoka katikati ya njia mpaka kwenye cherehani ya Mama ni hatua nne. Nilizihesabu pale pale.

Haki ya Mungu, sijapata kuona barabara ikishushwa cheo kwa kasi ile! Kinyozi alikuwa wa kwanza kuruka: "Barabara gani tena? Hii ni njia tu."

"Njia?" akadakia jirani mwenye kiti. "Unaikweza! Hiki ni kichochoro."

"Kichochoro chenyewe cha kupita kwa kubanana," akasema muuza mkaa, akatandika mkeka katikati ya njia na kujilaza chali. Kamba za nguo zikafungwa kutoka ukuta hadi ukuta, mpimaji akawa anapigwa mashuka mabichi usoni. Mbavu sikuwa nazo kwa kucheka, na roho juu juu hivyo hivyo.

"Maneno ya mdomoni mimi sipokei," mpimaji akasema, akijifuta maji. "Aliyeomba ndiye anayeondoa ombi. Mama asaini kwamba hapa ni uchochoro, nami niende zangu na rangi yangu."

Wote tukamgeukia Mama. Mama akakunja mikono.

"Saini, Mama."

"Halafu dada yangu ajue? Anicheke mpaka nife?"

"Mama, nyumba inaondoka!"

"Miaka minane nimemwambia ipo siku tutakuwa sawa." Machozi yakamlengalenga. "Siandiki."

Hasira zilinipanda hadi utosini. Nikavuta simu, nikampigia Mama Mkubwa, na salamu sikutoa. "Mwambie mdogo wako asaini, la sivyo leo tunakosa pa kulala!" Nikammwagia yote. Upande wa pili malori yalikuwa yananguruma, halafu nikasikia sauti ndogo, wala haikuwa yake ya siku zote: "Nakuja, mwanangu. Nakuja na kitanda."

Kitanda cha nini? Nusu saa baadaye tukamwona mwanzoni mwa njia, mto wa kulalia kwapani, na nyuma yake lori limejaa makabati, magodoro na masufuria.

"Wewe!" Mama akasema. "Unahamia wapi?"

"Hapa, ukinikubali." Mama Mkubwa akainamisha kichwa. "Nyumba yangu iliwekwa X miezi mitatu iliyopita. Niliona haya kukuambia. Tangu jana vitu viko kwenye lori, sina pa kuvipeleka."

"Dada!"

"Na usingizi sina, mdogo wangu. Miaka ishirini malori yanapita kama yako chumbani. Nikikupigia nasikia kuku wako huku nyuma, naona wivu mpaka kifua kinauma. Ndiyo maana nilikuwa najisifu vile."

Mama alimnyang'anya mpimaji kalamu. Akaandika UCHOCHORO, akapigia mstari chini, akapiga na wa pili karatasi ikachanika kidogo. Kisha akamkumbatia dada yake, mto katikati yao, wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Dereva wa lori, asiyejua hili wala lile, akaanza kurudisha gari nyuma aingie.

"Simamaaa!" mtaa mzima ukapiga kelele. Mpimaji bado yupo! Lori likipita, tumekwisha!

Basi tukabeba kwa mikono. Kinyozi na jirani walichukua kitanda, muuza mkaa akaamka kwenye mkeka wake akajitwika magodoro mawili. Kabati lilikosa mtu wa upande wa pili. Mpimaji akalitazama lori, akatazama njia yetu ambayo lori lingepita na nafasi ikabaki, akaweka chini kopo la rangi.

"Hapa haliingii kabisa," akasema kwa sauti ya kiofisi, akashika kabati.

Alipoondoka nilileta ngazi na brashi. Mama alikuwa mlangoni na simu sikioni, akimwelekeza mteja, kifua mbele: "Ukifika kwenye lami, uliza uchochoro. Mtu yeyote atakuonyesha. Sisi huku uchochoroni bwana!" Nikafuta maneno ya zamani, nikaandika: USHONI WA UCHOCHORO MKUU. Ngazi ikagonga ukuta.

"Taratibu, wewe," Mama akaninong'oneza. "Mama Mkubwa wako kalala."