Nyota Iliyoshindwa Kuwaka

Gulamhussein alikata roho asubuhi, chai yake haijaguswa. Gulshan, mkewe, alimfumba macho, akamfunika blanketi mpaka kidevuni, kisha akaenda kufungua duka.

Msimlaumu haraka. Angetamka tu kwamba mumewe kafa, jamaa wangejaa pale mtaani kwao Mabawa, na alasiri mzee angekuwa keshazikwa. Na mwana wao wa pekee, Taizoon, yuko njiani kutoka Marekani, anatua Dar kesho. Mzee alimwapisha mkewe: asishushwe kaburini ila kwa mikono ya mwanawe.

Mwaka ule sabuni ilikuwa imerudi madukani, foleni zimesahaulika, wateja wakawa hawakatiki. Kila mmoja alimuuliza hali ya mgonjwa.

"Kalala," akawajibu.

Duka likipungua watu, alikimbilia chumbani na chupa ya maji ya moto, akaiweka miguuni pa maiti. Taizoon, ambaye kazi yake ni kutafuta sayari za majua mengine, aliwahi kumweleza kwenye simu kwamba wamepata kitu cha ajabu: kikubwa mno kuitwa sayari, kidogo mno kuwa nyota. Kilishindwa kuwaka. Kina joto la kuzaliwa nalo tu, nacho kinapoa polepole, mamilioni ya miaka. Basi mume wangu atashindwa kubaki na joto mpaka kesho tu, alijiuliza. Gulshan alijua anajidanganya, na bado akachemsha maji mengine.

Jirani yake, Mastura, akaingia na bakuli la uji bila kungoja kukaribishwa. Akagusa mguu, ukawa na joto. Akagusa paji la uso.

"Bi Gulshan! Huyu keshakwenda!"

"Mpaka kesho tu, shoga. Nisitiri."

Mastura alilia, kisha akaurudishia mlango, akakaa chini.

Simu ya dukani ikalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?"

"Sijaondoka, mama. Mbingu zimetakata, tumepewa usiku mmoja zaidi wa kukitazama kile kitu. Nafasi hii siipati tena. Baba anaendeleaje?"

Gulshan alitaka kumlaani.

"Bado ana joto," alisema, akakata simu.

Alirudi chumbani, akaitoa chupa miguuni pa mumewe.

"Waite wanaume, Mastura. Azikwe leo."